Eda ya Kiti cha Mufalme

Jumapili, 7 Septemba 2025

Mufalme Ngelema amekufa tena. Mara ya tatu! Safari hii mushale wa shingo, akiwa juu ya farasi, akijigamba mbele ya ngome ya adui. Guelord alivuta kifungo kwenye mukebe — sisi hatuna dadu, tunatumia vifungo ishirini vya Djamila, kila kimoja kimeandikwa namba — kikatoka moja. Moja! Djamila akapiga kigelegele. Tony akasema afadhali.

Nimechoka na ule muzee. Miaka ine tunacheza huu muchezo wa hadithi kila Jumapili misa ikikwisha, kwenye atelie ya Djamila, katikati ya mashine za kushona. Miaka ine mimi ni Binti Nandala, murithi wa kiti. Murithi gani? Katika hadithi Nandala ameingia miaka sitini, meno yanamutoka, na baba yake wa miaka mia moja na kumi na mbili bado anapanda farasi. Juu kila akikufa anafufuliwa. Na nani anamufufua? Mimi! Guelord alipanga hivyo tangu mwanzo: murithi njo muganga pekee anayejua ile dua. Yeye njo anaongoza muchezo; ni mwalimu wa fizikia, anapenda kutesa watu. Kitabu cha sheria za muchezo alikiokota kwenye karton ya watu wa ONG, wale wa misaada, waliohama, fotokopi, kurasa zingine hazipo.

Akafunga kitabu. Mama Gode, akasema, Jumapili utatuambia: unamufufua, ao unakaa kwenye kiti.

Nikarudi kwa miguu. Goti la kuume linauma. Nyumbani giza tupu, kuranti hakuna tangu juzi.

Jumanne, 9 Septemba

Komisio imefika biro. Kontrole: kila ajenti wa Serikali asimame mbele yao na mwili wake na karte yake, waone kama kweli yupo.

Sisi hatuko wengi. Kazi yetu ni kupima ziwa tu. Kila asubui saa moja kusoma ubao wa namba kwenye gati ya zamani, kuandika kwenye rejista, kutuma Kinshasa. Mimi sushefu, musaidizi wa shefu. Shefu ni Papa Onésime, miaka sabini na saba, alianza kusoma ule ubao mimi sijaanza shule. Sasa iko na mutoto wa jicho, macho yote mawili. Ukweli, na ninauandika hapa tu: tangu miaka tisa mimi njo nasoma, yeye anaandika. Herufi kubwa, kama za bango. Jina kwenye rejista ni lake.

Leo hakuwepo. Amekwenda Kabalo kuzika kaka yake, na treni ya kurudi haijulikani. Nikamweleza karani wa komisio. Akatazama mwaka wa kuzaliwa. Akasema: miaka sabini na saba na hayupo, huyu hakwenda kuzika, amezikwa. Wakacheka wote. Nikasema bwana, Papa iko muzima! Akasema wote wanasemaga hivyo, ili mushahara uendelee.

Akaandika kitu. Sikuona nini.

Jumatano, 10 Septemba

Amekufa.

Liste imebandikwa. Papa Onésime: *décédé*. Mustari wa chini, jina langu: shefu wa biro, kuanzia leo. Kashe, muhuri wa biro, nimepewa ndani ya bahasha ya kaki. Malalamiko siku thelathini, mwisho tarehe 10 Oktoba saa sita ya muchana, kisha hapo liste haiguswi tena.

Miaka tisa nangojea hii kashe. Kumbe ni nyepesi hivi. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi. Nilifurahi! Dakika kumi hivi. Halafu nikakumbuka kravate yake imetundikwa nyuma ya mulango.

Jumapili, 14 Septemba

Niliomba muda. Guelord akakubali lakini akatusomea yanayotokea kwenye nchi wakati maiti iko juu ya meza na murithi anakuna kichwa. Watoza kodi wamekaa, hawajui watoze kwa jina la nani. Mufalme jirani ametuma mujumbe kuuliza kwa heshima: huyu amekufa kweli, ao tusubiri?

Tony anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, siku sita, Jumapili anakuwa askari. Akasema askari waliapa kumutumikia mufalme mpaka kufa. Bon, amekufa. Kiapo kimekwisha. Akirudi ni muzee tu anayepita njiani, asimuamuru muntu. Guelord akashika kidevu. Jambo hilo halimo kwenye kitabu.

Djamila akatoa pini kinywani. Na bibi wa mufalme je? Mimi nilikaa eda ya marehemu Shaabani, mume wangu, miezi ine na siku kumi, namba zake nazijua vizuri. Mufalme akirudi ndani ya eda, haya, apite, kitanda chake ni kile kile. Eda ikikwisha, yule mwanamuke si wake tena. Abishe hodi kama mugeni, atume mushenga, aanze upya. Na kiti kina eda yake vilevile! Kwa nini kiti kingoje kuliko muke?

Tulicheka, lakini Guelord aliandika. Sasa ni sheria ya nchi yetu: eda ya kiti.

Nikauliza, kama eda ni siku thelathini? Djamila akanitazama. Nani amesema thelathini? Nikasema nauliza tu.

Jumanne, 16 Septemba

Papa amerudi. Siku tano njiani kutoka Kabalo, vumbi mpaka kwenye masikio. Alikuwa amesikia habari huko huko stesheni. Akasimama mulangoni kwa biro, akasema: Mufu anasalimia.

Nilitaka kulia nikacheka. Yeye akacheka zaidi. Anasema watu wa kartie, mutaa wake, walikuwa wameanza kumuandalia Mama Émérence, muke wake, turubai ya matanga. Akaenda komisio, akawaonyesha mikono, miguu, akakohoa mbele yao. Wakamwambia Papa, sisi hatuna namna ya kufuta kifo, kifo kinafutwa na karatasi. Attestation de vie, cheti cha kwamba muntu iko muzima. Saini mbili: shefu wa kartie, na yule wa biro aliyefanya kazi naye kila siku. Pamoja na kashe.

Shefu wa kartie akasaini muchana huu huu. Papa akaniwekea karatasi juu ya meza. Akasema, bahati yangu ni weye. Angekuwa muntu mwingine ningehangaika.

Nikasema wino wa kashe umekauka. Nikaiweka kwenye droo.

Wino haujakauka.

Alhamisi, 18 Septemba

Anakuja kila asubui. Kravate, koti, saa moja kasoro. Tunashuka pamoja kwenye gati, ananishika bega kwenye zile ngazi za chini zenye utelezi. Nasoma: mita tatu, kumi na tisa. Nikampa rejista kwa mazoea. Akanirudishia. Aka, mufu haandiki, andika weye.

Nikaandika. Herufi zangu ni ndogo. Ukurasa ule unaonekana kama mutoto ameingia kwenye nguo za mukubwa.

Hajauliza habari ya karatasi.

Jumapili, 21 Septemba

Leo Tony alikasirika kweli. Alikumbusha vita ya mwaka jana, pale askari wake Lunyamila alipokufa siku moja na mufalme, upande kwa upande. Dua inakula almasi, na almasi ilikuwa moja. Nilimufufua nani? Mufalme. Na Tony akaanza upya na askari mwingine, asiye na kitu, hata viatu. Anasema Lunyamila alikuwa na watoto.

Nikasema ni muchezo, baba. Akasema najua ni muchezo! Lakini sikia. Mufalme anaenda vitani kama anaenda sokoni, juu kwake kifo ni usingizi. Kwetu sisi wengine kifo ni kifo. Njo maana ana vita vingi hivi.

Mashine moja ya Djamila ilikuwa inazunguka yenyewe, alisahau muguu juu yake.

Guelord akaongeza kitu ambacho sikukipenda. Kwamba adui wamekwisha kujifunza. Mushale wa kumupiga mufalme wanaupoteza bure. Sasa wanamuwinda Nandala. Kwenye nchi ya kufufua, anasema, muntu wa hatari si mufalme, ni yule anayejua dua. Kila upande unataka mukono wake.

Nikasema nimechoka na huo mukono. Wakadhani naigiza, wakanipigia makofi.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama Émérence amenifuata nyumbani, na ndakala, samaki wadogo wakavu, ndani ya gazeti. Bibi ya Papa Onésime haendagi kwa muntu bure. Nilijua anakuja kuniuliza kwa nini sijasaini. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa wino.

Akakaa. Akasema: Usimusainie.

Nikafikiri sikusikia vizuri. Akarudia. Macho yamekufa, mwanangu. Nyumbani anagonga kiti, anagonga mulango, anajifanya hakugonga. Siku moja zile ngazi zitamupeleka ndani ya maji na mutaniletea viatu. Mimi nilingoja retreti yake, aache kazi, tangu wajukuu hawajazaliwa, haikuja. Imekuja kwa makosa ya karani, lakini imekuja. Mwache afe kwenye karatasi, nimupate nyumbani.

Nikasema na mushahara je, Mama? Akasema watoto wapo, mihogo ipo, hatutakufa njaa juu ya hesabu za Serikali.

Na yeye mwenyewe, Papa, anasemaje? Akafunga kitambaa vizuri. Huyo hajui kusema, huyo anajua kuvaa kravate.

Bon. Sasa niko na ruhusa. Muke wake mwenyewe amenipa! Nilipaswa kulala vizuri. Nina hasira, sijui na nani. Kama ningeiba kiti peke yangu ningejua mimi ni mwizi. Sasa hata hilo sijui.

Ndakala ni wazuri.

Jumapili, 28 Septemba

Guelord amepata ukurasa uliopotea, ulikuwa umejikunja ndani ya jalada. Miaka ine tumecheza vibaya! Imeandikwa roho haikokotwi. Inaulizwa kwanza. Ikikataa, hata almasi kumi hazisaidii.

Mara mbili za kwanza hatukuuliza. Tulimuvuta tu kama ndoo ya kisima.

Basi nikapiga magoti, yaani Nandala, goti langu mimi halikunjiki. Nikamuita. Guelord anabadilishaga sauti akiwa mufalme, anaishusha chini, kidogo inachekesha. Leo haikuchekesha. Akasema: Nani anakaa kwenye kiti changu?

Nikasema hakuna, Baba. Nakiangalia tu.

Akasema: Mara mbili ulinirudisha bila kuniuliza. Leo unauliza. Unataka jibu langu, ao unataka ukisema *ndiyo* ao *hapana* iwe ni mimi niliyesema?

Yo! Ule mwalimu ana kichaa. Djamila akasema jibu, Mama Gode. Nikasema — sijui ilitoka wapi — mara mbili za kwanza nilikufufua juu niliogopa kiti. Si juu ya mapendo. Niliogopa.

Guelord akafunga kitabu, akasema tunaendelea Jumapili. Hata yeye aliona kuna kitu.

Njiani nilikumbuka: miaka tisa ya kulalamika, na sijaandika barua hata moja kuomba ile nafasi. Nilisoma namba, yeye akaandika, na kama zikiwa mbaya ni zake. Nilistarehe hapo chini. Sasa nasema nimechoka kungoja. Kungoja kulinifaa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ngazi ni sabuni tupu.

Papa aliteleza. Si sana. Ngazi ya tatu kutoka chini muguu ulitoka, akakaa kwa kishindo, na mukono wake ukanivuta koti mpaka kifungo kikakatika. Nikamushika kwapani. Alikuwa mwepesi, mwepesi kabisa. Sote wawili tukabaki tumekaa kwenye maji, mvua juu.

Akasema: Soma.

Papa, umeumia? Soma, Godelieve, saa inapita. Nikasoma, mita tatu, kumi na tatu. Akatikisa kichwa. Jana ulisema kumi na ine. Sawa, bado linashuka. Litageuka katikati ya mwezi wa kumi na moja, utaona, usishituke likiruka sentimita mbili kwa siku moja, rudia kusoma na uandike tu.

Utaona, alisema. Hakusema tutaona.

Jumapili, 5 Oktoba

Djamila alinishonea kifungo bila kuuliza kilikatika wapi. Halafu, uzi kinywani: huyu mufalme wako, Mama Gode, anavaaga kravate?

Nikalia. Mbele ya wote, katikati ya mashine, muntu muzima wa miaka hamsini na tatu. Nikawaambia yote, liste, kashe, droo, Mama Émérence. Na ile furaha ya dakika kumi, hata hiyo.

Hakuna aliyecheza leo. Guelord alikuwa amepauka, anasema Mungu wangu, na mimi nilikuwa nafanya sauti. Tony, huyu Tony wa Lunyamila, asiyetaka mufalme arudi hata kwa bunduki, njo alikuwa wa kwanza: Saini, Mama. Papa Onésime namubebaga kwenye moto, ananiuliza habari za watoto kwa majina. Huyu ni tofauti.

Nikauliza, tofauti gani? Miaka tisa macho yake ni yangu. Kijana yeyote angewekwa pale angeona ubao mwenyewe.

Tony akasema basi sijui.

Djamila akasema mumeuliza muke, mumeuliza muntu wa moto, mumeuliza kitabu. Roho bado haijaulizwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilitaka kumuuliza asubui. Nikauliza kama amekunywa chai.

Mita tatu, kumi na mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa tatu na nusu. Komisio inafunga saa sita. Kutoka hapa mpaka kwao dakika kumi kwa moto, na Tony yuko chini ya muti ng'ambo ya barabara tangu saa mbili, anajidai anafuta kioo.

Nimemuuliza. Kwenye gati, tulipokwisha kusoma. Nilisema kwa haraka juu ningesema polepole nisingemaliza: Papa, karatasi iko kwenye droo tangu siku ulipoileta. Wino ulikuwepo. Nilidanganya. Sasa nauliza, unataka kurudi?

Akageuza uso kwenye maji. Sijui anaona nini kule, labda mwangaza tu. Akasema wino wa kashe ile haukaukagi, Godelieve, mimi njo niliununua, chupa mbili. Alijua! Tangu siku ya kwanza alijua, na akaja kila asubui, akanishika bega.

Nikasema basi kwa nini hukusema?

Akasema: Na weye, miaka tisa, kwa nini hukusema?

Nilimupandisha ngazi, moja moja. Tulipofika juu akaniachia bega. Akaniuliza namba ya leo ilikuwa ngapi, nikamwambia, mita tatu na kumi na moja. Akasema: Aksanti, Shefu.

Shefu. Kwa sauti ya kawaida, kama vile ananiitaga hivyo siku zote.

Hilo ni jibu? Ni ndiyo ao hapana? Ao amenirudishia swali langu, kama yule mufalme mwingine? Siwezi kusema *alikataa*. Siwezi kusema *alikubali*. Karatasi iko mbele yangu, kashe kuume, rejista kushoto, na mimi naandika kwenye kaye hii kama mupumbavu. Nampenda yule muzee, liandikwe. Na kiti nakitaka. Liandikwe nalo. Safari hii sikiogopi sana.

Yuko inje kwenye benchi. Nasikia anakohoa.

Saa ine na dakika tano. Amesimama. Nasikia viatu vyake kwenye korido, mukono unapapasa ukuta. Atakuja kuchukua kravate yake ya pili nyuma ya mulango, ao atakuja kuchukua karatasi. Ataingia tu, kama kila siku.

Hapana. Amesimama kwenye mulango. Haingii.

Anabisha hodi.

Miaka yote ambayo nimekaa kwenye biro hii, Papa Onésime hajawahi kubisha hodi kwenye mulango huu. Anabisha tena, taratibu, kama mugeni, kwa vidole viwili. Kalamu iko mukononi. Sijasema karibu.